Gemu Isiyofunguka Bila Salamu

Nina kisa ambacho hutakiamini, na sitakulaumu. Hata kanisani kwetu Bertrams walikikataa, nao ni watu wanaomwamini mchungaji kila Jumapili anaposema mahubiri yatakuwa mafupi. Kisa ni hiki: kuna msusi mmoja wa Troyeville, hapahapa Johannesburg, aliyekuwa akirudi kwao Kongo kila siku bila kuinuka kwenye kiti chake, na mwisho akaitengeneza ile njia ili na wengine wapite.

Jina lake ni Héritière. Mimi ni Tonton Lambert. Tonton ndivyo vijana wa Kongo wanavyomwita mwanaume wa rika la mjomba, hasa akiwa mzuri wa sura kama mimi. Duka ni langu. Haya, ni letu: upande wa dirisha ipo cherehani yangu, upande wa kioo vipo viti vyake vya kusukia, na katikati nimeshona pazia ambalo halijawahi kuzuia kitu, umbea ndio kabisa.

Wote wawili kwetu ni Kalemie, mji ulio ukingoni mwa ziwa, kule reli inakoishia. Mimi niliondoka zamani, kwa hiari yangu, kwa sababu mji ulikuwa mdogo na mimi mkubwa. Yeye aliondoka kwa kukimbia. Alikuwa ameanza masomo ya kompyuta Lubumbashi, akarudi likizo, na likizo hiyo ndiyo iliyomfikisha huku. Sitasimulia zaidi, waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawatapata faida. Alipofika hapa alipewa karatasi ya hifadhi. Karatasi hiyo ina sharti ambalo hata mimi, niliyemwacha mwalimu darasa la sita akiwa bado ananihitaji, nalielewa: ukirudi kule ulikokimbia, umejifukuza mwenyewe. Basi Héritière angeweza kwenda Durban, angeweza kwenda Cape Town, angeweza kupanda mlima wowote wa nchi hii. Kwa mama yake tu ndiko asikoweza kwenda.

Mama yake anaitwa Mama Victorine. Yupo hai, mzima, ana kelele. Hiyo ndiyo taabu yenyewe. Aliyekufa unamlilia ukanyamaza. Aliye hai anakupigia simu mtandao ukiwa mbovu, unasikia jogoo wa uani kwenu anawika nyuma yake, kisha simu inakatika na jogoo anakubakia masikioni siku nzima.

Sasa gemu iliingiaje? Iliingia kwa njia ya nywele. Parfait, fundi wa mashine za gemu kule Doornfontein, alitaka mke wake asukwe, akaleta mashine moja iliyokufa kuwa badala ya malipo. Mashine za kuchezea hizi, za kuunganisha kwenye televisheni, zenye pedi za kushika mikono miwili. Baadaye akaja kuifufua mwenyewe, na ndiyo siku aliyoleta habari. Ilikuwa mwaka 2017. Alisema kampuni moja kubwa ya mashine hizo imewafungulia mlango watu wadogo. Mtu wa kawaida anaweza kuigeuza mashine yake ya nyumbani iwe ya kutengenezea, akaandika gemu yake, akaituma ikaguliwe, na ikipita inawekwa kwenye duka la mtandaoni ambalo kila mwenye mashine ya aina hiyo analiona.

"Zamani," Parfait alisema, "mpaka uwe kampuni. Uwe na ofisi, wanasheria, mashine maalumu."

Nikamfafanulia Héritière kwa lugha ya watu: "Yaani ilikuwa kama kuomba kazi ya kumshonea rais suti. Wanakuuliza, je, umeshawahi kumshonea rais?"

Hakucheka. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa na nusu hakijasukwa, na vidole vimesimama. Mteja akasema, "Dada, eish, mimi bado niko hapa."

Tangu hapo, kila kiti kilipokuwa kitupu, alikuwa kwenye kompyuta. Alijifunza kwa video, akajifunza kwa kikundi cha vijana wanaotengeneza gemu ambao hukutana mjini Jumamosi. Nami nilimpa mawazo. Nilimwambia aweke bunduki, aweke majambazi, aniweke mimi nikiwapiga. Hakuweka hata kimoja.

Katika gemu yake unashuka kwenye treni stesheni ya Kalemie ukiwa na sanduku, na unatembea hadi nyumbani kwa mama yako, juu kule Lubuye. Basi. Hakuna adui, hakuna kushinda. Kuna vumbi, kuna daraja, kuna kijia cha nyuma ya shule, kuna ndagala, dagaa wa ziwa letu, zimeanikwa zinameta kwenye jua, na harufu yake utaisikia, usinibishie, mimi niliisikia. Nguo za watu wa mle ni zangu. Aliokota mabaki ya vitenge chini ya cherehani yangu, akayapiga picha, akawavika mji mzima. Hivyo mimi ndiye fundi pekee wa Johannesburg aliyevalisha mji ambamo hakuwemo.

Njiani wameketi wazee. Wa kwanza ni mama wa stesheni, mwenye beseni la karanga. Kuna mzee wa daraja, kuna fundi wa baiskeli, na kadhalika mpaka juu. Mbele ya kila mzee njia imezibwa: hapa mkokoteni, pale kamba ya nguo, pale mbuzi aliyelala kama analipwa. Ukibonyeza kitufe, mtoto wa gemu anainama anasalimu. Ukikishikilia, salamu zinaendelea: habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua. Mzee akiridhika anaita mtu, mkokoteni unasogezwa, unapita. Ukiachia kitufe mapema anageuza uso pembeni, na hapo utaanza upya kwa adabu.

Na mwisho, mlango wa mama unafunguka, mwanga unatoka, imekwisha. Ndani haingiliki.

"Mbona hukujenga chumba?" nilimuuliza.

"Mama amehamisha kabati, Tonton. Alinipigia akaniambia. Lakini hakusema ameliweka upande gani."

"Si umuulize?"

"Nikimuuliza atajua kwamba sikumbuki lilikuwa wapi kwanza."

Nilirudi kwenye cherehani yangu, nikashona mfuko wa suruali mahali pasipohitaji mfuko.

Jumapili watu wa kanisani walipita dukani kuijaribu. Mama Agnès, muuza mboga wetu, alishika ile pedi kama mtu aliyepewa kuku hai.

"Huyu nani?"

"Mama wa stesheni."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mtoto anayerudi nyumbani."

"Kwa mwili huu?" Lakini alipomwona yule mama ameketi na beseni lake, uso ulimbadilika. Alibonyeza, akainama na mtoto wa gemu, goti kabisa likagusa sakafu yetu yenye nywele, na kwa kuwa ni Mluba akataka kupiga makofi ya heshima, pedi ikaanguka. Alimsalimu yule mama mpaka nikahofia karanga zitaota. Baada yake akaja mume wake, akaja shemasi, wakaja vijana wa kwaya ambao Kiswahili wanakielewa lakini wanajibu kwa Kizulu. Wote walisalimu. Wapo waliowauliza wazee wa gemu habari za miguu. Hakuna aliyekwama.

"Sharp," alisema Parfait. "Haina kasoro. Itume."

Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mwisho wa Septemba itapanga rafu moja ya mbele kabisa katika duka lake, kwa gemu za watengenezaji wadogo tu. Ukikutwa umepita ukaguzi, unawekwa pale. Usipopita, unangoja rafu nyingine mwakani, kama ipo. Héritière alituma mwanzoni mwa Agosti. Kwenye kujiandikisha kulikuwa na orodha ya nchi, uchague yako. Kongo haikuwamo. Alichagua hii tunayoishi, akakaa akiitazama kwa muda, kama mtu aliyeitikia jina la mwingine.

Jibu lilikuja kabla ya mwezi kwisha nusu. Gemu imekataliwa. Inakwama mwanzoni. Mtoto anafika kwenye mkokoteni na hawezi kuendelea. Rekebisha, utume tena.

Tulicheza. Haikukwama. Tulicheza tena, nikacheza mimi, akacheza Parfait na mkewe, haikukwama. Héritière alipekua programu yake mstari kwa mstari, wateja wakawa wanaondoka na misuko ya jana. Aliacha kula. Aliacha hata kumpigia mama yake, maana angemwambia nini? Rafu ilikuwa inakaribia kupangwa, na ugonjwa hauonekani. Mwishowe aliwaandikia wakaguzi kuwaomba wamwonyeshe. Walikuwa watu wema, wakatuma video.

Tuliiangalia sote, dukani, mchana, Mama Agnès akiwa kwenye kiti cha kusukwa. Mtoto wa gemu alishuka kwenye treni. Akakimbia. Tulishtuka, hatukujua kama anaweza kukimbia. Akampita mama wa stesheni shaa! Sanduku karibu ligonge beseni. Akaugonga mkokoteni. Akaruka. Akaugonga. Akarudi nyuma akachukua mwendo, akaugonga. Yule mama ameketi pembeni kabisa, anamtazama. Akaruka papo hapo, akaruka, akaruka.

Kisha Mama Agnès, polepole, na kitana kimemning'inia kichwani:

"Mtoto wa nani huyu?"

Parfait alicheka mpaka akatoka nje akashikilia mlango. Mimi nilicheka nikajichoma sindano. Héritière alicheka pia, mwanzo. Ugonjwa ulikuwa umepatikana: katika mtaa wetu mzima hakupatikana mtu mmoja wa kumpita mzee bila salamu, hata kwa majaribio, hata kwa bahati mbaya, hata wewe Tonton, Héritière alisema, ambaye huna adabu nyingine yoyote.

"Rahisi," Parfait alisema alipopata pumzi. "Andika pale juu: bonyeza kitufe hiki kusalimia."

"Nani aliwahi kukuandikia hewani umsalimie mama yako?" Héritière aliuliza.

"Hawa hawajui."

"Nikimwambia, siyo salamu tena. Ni ushuru."

"Basi toa mkokoteni. Toa vizuizi vyote. Anayetaka asalimie, asiyetaka apite. Héri, rafu inafungwa."

Alivitoa. Alifanya hivyo asubuhi moja bila kuniambia, mimi nikipima suti ya bwana harusi. Niliona tu kwenye televisheni mtoto anatembea, njia nyeupe mbele yake. Stesheni akaipita. Daraja akalipita. Fundi baiskeli hakuinua kichwa. Mbuzi hakuwepo, na mimi, sijui kwa nini, nilimkumbuka yule mbuzi. Mara akawa Lubuye, mlango ukafunguka, mwanga, imekwisha. Bwana harusi akasema, "Hii ni gemu nzuri, ni fupi."

Héritière aliweka pedi mezani.

"Nimefika kama mwizi," alisema.

"Umefika, hilo ndilo jambo."

"Hakuna anayejua kwamba nimerudi, Tonton. Nimepita mji mzima na hakuna hata mmoja atakayemwambia mama, nimemwona mtoto wako."

Mimi nina majibu ya kila kitu, muulize yeyote kuanzia Troyeville mpaka robot, yaani taa za barabarani, ya kwanza ya Bez Valley. Siku hiyo niligeukia suti. Nilimwambia bwana harusi ainue mkono, kumbe alikuwa ameshauinua.

Zilibaki siku kumi. Alikuwa na gemu mbili mbele yake: moja itakayopita na kuwekwa rafuni ambayo haikuwa njia ya kwao, na nyingine ambayo ni njia ya kwao na hakuna atakayeiona. Alisema ataituma ile fupi. Alisema ndivyo watu wanavyoishi. Alikuwa anasema hivyo huku anatafuta faili, simu yake ikalia mlio wa ujumbe. Ni Mama Victorine. Hakuandika, aliongea, maana kuandika anasema ni kazi ya karani. Héritière alibonyeza, na kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta ya nywele simu ilikuwa mezani, sote tukasikia.

"We mutoto! We! Unapitaka hivi-hivi? Nakuonaka huko kwenye simu, kale kataa ka kijani kanangaa, uko, unapita, unapita mulangoni kwangu kama haunijue. Mwezi muzima! Simama. Simama kwanza nikuone."

Jogoo akawika. Ujumbe ukaisha.

Nilitegemea atalia. Nilikuwa nimeshaandaa kitambaa, tena kizuri, kipande cha hariri. Badala yake aliurudia ujumbe. Akaurudia tena. Kisha akageuka, macho makavu kabisa, yanawaka.

"Tonton, kule kwetu, mtoto akimpita mzee bila salamu, anaandikiwa?"

"Anaitwa," nilisema. "Anaitwa mpaka wa ng'ambo ya ziwa wajue jina lake."

Sasa hapo, ungependa nikuambie kwamba wazo lilikuwa langu, na mahali pengine nimeshasema hivyo. Alimpigia mama yake papo hapo, akamsalimu kwa urefu wake wote, mvua, kuku, jirani na jirani wa jirani, ndipo akamwomba ruhusa.

"Sauti yangu ya kukugombeza? Uiweke kwa wazungu wasikie?"

"Ndiyo, mama."

"Ile haikuwa mazuri. Nilikuwa na mafua. Ngoja nikugombeze vizuri."

Akagombeza. Magombezo yalimiminika kwenye simu ile wiki nzima: ya kupita darajani, ya kupita kwa fundi baiskeli, ya kumruka mbuzi wa watu. Na akauliza, "Mimi niko humo ndani?"

"Uko, mama. Mwisho kabisa, mlangoni."

"Nimevaa nini?"

"Kitenge cha Tonton Lambert."

"Yule muongo bado anashonaka?"

Mikokoteni ikarudi, kamba ikarudi, mbuzi akarudi akalala. Hakuna maandishi hewani. Ila ukimpita mama wa stesheni mbiombio, nyuma yako inapaa sauti ya Mama Victorine, yenye mafua yake, maana Héritière aliuweka ule ujumbe wa kwanza hapo na hakuubadilisha: We! Unapitaka hivi-hivi? Simama kwanza nikuone. Na hata usiyejua neno moja la Kiswahili, ukiitwa vile, shingo inageuka yenyewe. Ukigeuka unamwona mama, anakutazama, na kitufe utakitafuta mwenyewe.

Alituma siku ya mwisho. Wakaguzi wakaipitisha. Mmoja wao aliandika pembeni kwamba alivua vipokea sauti akatazama nyuma yake ofisini, akidhani kuna mtu amemwita.

Ikapangwa rafuni. Tuliiona kwa macho yetu kwenye televisheni ya dukani, kati ya gemu ya magari na gemu ya mazimwi, picha ndogo ya stesheni yetu na jina la Héritière chini yake. Mama Agnès alipiga vigelegele, watu wa spaza, kile kiduka cha jirani, wakaja kuuliza nani anaolewa. Héritière alisimama mikono kifuani. Lile duka la mtandaoni halifunguki Kalemie. Mji ule sasa ungeweza kutembelewa na mtu wa nchi yoyote iliyomo kwenye orodha, isipokuwa mtu wa mji wenyewe. Mama yake angeusikia tu kwa simu, yeye mwenye sauti. Na Héritière bado alikuwa Troyeville, na kabati bado lilikuwa limehamishwa.

Asubuhi, kabla sijafungua cherehani, mimi huwasha ile mashine. Usinielewe vibaya. Mimi mtu mzima, sina hamu na Kalemie. Huwa ninakagua nguo tu, kama rangi zimekaa sawa. Ninashuka kwenye treni, ninamsalimu mama wa stesheni, ninamuuliza habari za mvua, na wakati mwingine siendelei.

Wiki ya pili ukaja ujumbe, kwa Kiswahili chetu, kutoka nchi ya theluji ambayo jina lake siwezi kulitamka. Mtu aliandika kwamba aliondoka Kalemie akiwa mtoto. Kwamba alipoitwa alisimama. Kwamba hajafika Lubuye bado, hana haraka, anakaa pale stesheni na yule mama kila akitoka kazini, na anaomba kujua kama mwenye sauti yupo hai. Héritière alimjibu: yupo, ana kelele, anakusalimu. Alimsomea mama yake kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Mama Victorine hakusema kitu. Jogoo tu.

Na baada ya huyo, jamani, milango ya mbingu ilifunguka! Waliandika mamia, waliandika maelfu, kutoka Ulaya, kutoka Amerika, kutoka melini, wote wamesimama kwa mama wa stesheni mpaka treni ikakosa pa kushushia watu, na mkubwa wa kampuni mwenyewe akapanda ndege hadi Johannesburg, akaja mpaka hapa dukani, akavua kofia, akaniambia, Tonton Lambert, bila wewe—

"Tonton." Héritière yupo nyuma ya mgongo wangu, kitana mkononi, anasoma ninachoandika. "Ni mtu mmoja. Futa hayo. Andika mmoja."